Kamera ya Mkobani

Anayetaka kujua watu wa Mombasa walivyovaa sikukuu za Iddi miaka ya 1950 na 1960, azitafute picha za N. V. Parekh. Alifungua studio yake hapa mjini miaka ya 1940, na kwa miongo kadhaa mji mzima ulipita mbele ya taa zake: Waswahili, Waarabu, Wahindi, watu wa bara, wachumba, shoga na shogaye walioshona sare, vijana wanaogeuza shingo kwa madaha ya nyota wa filamu za Kihindi. Ni picha nzuri ajabu. Nimezitazama kwa jicho la mtu wa kazi hiyo hiyo, na sioni pa kuzisahihisha. Ila mji wenyewe humo haumo. Hakuna karai la viazi, hakuna mwanamke aliyechuchumaa akipaa samaki, hakuna foleni ya maji, hakuna mzee wa Kibokoni aliyejilaza barazani saa nane mchana, fulana imempanda tumboni. Mtu alioga, akavaa, akajitia wanja, ndipo akenda studio. Jumatano ya kawaida haikuwa na mpiga picha.

Mimi nimepiga picha za shughuli za kike tangu miaka ya 1980, na ninachotaka kueleza ni jinsi Jumatano hiyo ilivyoingia pichani hatimaye, na chombo kilichoiingiza. Ni kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mkobani, ambayo vijana waliozaliwa wakakuta simu hudhani ilikuwa mchezo tu wa watu wa zamani.

Kamera yenyewe ilitufikia pwani mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagoa walikuwa tayari na studio zao Unguja, akina Gomes na akina Coutinho, na karne ya 20 ilipoingia kadi zao za posta zilikuwa zikisafiri na meli hadi Ulaya. Kwenye kadi za namna hiyo wamo wanawake wa pwani waliojifunga leso na kuvaa vipuli, wamepangwa safu, na chini pameandikwa tu kuwa ni wanawake wa Kiswahili. Majina hamna. Uso wa mama wa watu ukabandikwa stempu mgongoni, ukaenda kwa mtu asiyemjua. Hofu niliyoikuta mimi kwenye nyumba za Kuze na Bondeni ilikuwa ya ukoo huo huo. Wako waliosema malaika hawaingii nyumba yenye picha, lakini wengi hawakuwa na ugomvi na picha. Ugomvi wao ulikuwa juu ya nani atakayeishika.

Asiyezijua harusi zetu inafaa aelezwe kidogo. Upo upande wa kike ambao mwanamume haingii. Siku ya kupamba, mlango wa ukumbi ukishafungwa, mabuibui huvuliwa, na wale ambao njiani unawaona macho tu wakawa ni watu wengine kabisa: nywele zimetengenezwa, hina na piko zimepanda hadi viwikoni, nguo mgongo wazi. Bi harusi huketishwa juu, akatazamwa mpaka watu washibe. Mwanamume hawezi kuifanya kazi ya kupiga picha humo, na riziki yangu ikatoka hapo.

Nilianza na Yashica ya mkanda aliyoniletea mjomba wangu, baharia. Mkanda ni wa picha 36. Ukiutia kwa hadhari unapata 37, pengine 38, na mimi sikuwahi kuziacha hizo mbili za ziada. Kila picha ilikuwa na gharama zake: mkanda, kusafisha, karatasi. Kwa hiyo hesabu naifanya tangu mlangoni. Bi harusi peke yake. Bi harusi na mamake. Bi harusi na mkwewe. Bi harusi na somo wake. Kisha mashangazi, mmoja mmoja, maana shangazi akiachwa nje ya picha ni ugomvi wa miaka. Wapishi hawakupigwa. Watoto waliolala juu ya rundo la mabuibui hawakupigwa, na laiti mngewaona walivyopendeza! Aliyekuwa akicheka pembeni mpaka machozi yamtoke hakupigwa, mpaka anyamaze, ajifute, ajipange.

Na ule mlango tulioufunga ukumbini ulikuwa wazi mahali pengine, maana mkanda lazima uende kusafishwa. Zama za nyeusi na nyeupe mpiga picha mwenye chumba chake cha giza aliweza kuusafisha mwenyewe. Picha za rangi zilipoenea miaka ya 1980, kazi ikahamia kwenye maabara zenye mashine, na kwenye mashine walikuwa vijana wa kiume. Mwanamke aliyejisitiri mtaani umri wake wote, kijana wa mashine alimwona kwa rangi kamili, ukubwa wa kadi ya posta, akitoka kwenye mashine bado ana joto. Tena mashine iliyotoa nakala moja haishindwi kutoa mbili. Kuna bi harusi mmoja, picha yake ya kupamba ilikutwa kwenye pochi ya mtu asiye ndugu wala jirani. Maabara siitaji. Ndoa ilinusurika, lakini kwa vikao vya wazee usiku na mchana.

Baada ya kisa kile nikachukua desturi ya kukaa. Mkanda naupeleka asubuhi, duka ndiyo kwanza lafunguliwa, nakaa kwenye benchi mbele ya mashine na buibui langu, nahesabu picha zinavyodondoka. Nachukua negativi zote. Zilizoharibika nazo nazichukua, nikazichome nyumbani. Yule kijana alinichukia kwa moyo wake wote. Wenye harusi walinipenda, na sehemu kubwa ya wateja wangu niliipata kwa sababu ya benchi lile kuliko kwa uzuri wa picha zangu.

Wenzetu wanaume hawakuwa na kero hiyo, nao walikwenda njia yao. Kivukoni Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha ambao wengi wao walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta maisha walijenga vibanda vya mbao, wakavijaza mandhari ya kuchora, meli, ndege na maua ya plastiki, na msafiri anayesubiri feri akapigwa picha yuko safarini kwenda nchi za mbali. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa ametangulia siku nyingi kwa ufundi wa mkasi, akikata picha na kuziunganisha mpaka mtu akatokea mahali ambapo hajafika wala hatafika. Nawaheshimu sana. Lakini hata walipotoka studio, walitoka nayo. Na haikuwa kosa lao: mtu anayelipia picha moja kwa mwaka hatakubali imwonyeshe alivyo siku zote.

Udogo wa kamera haukuanza na dijitali. George Eastman wa Marekani aliuza Kodak yake ya kwanza mwaka 1888, ina mkanda wa picha 100 ndani, na Brownie ya mwaka 1900 ikauzwa kwa dola moja. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na ambaye mwaka 1984 alizipeleka duniani picha za njaa ya Ethiopia, alianza utotoni na Brownie. Mwaka 1925 ikaja Leica. Olympus Pen ya 1959 ikaikata kila picha nusu, mkanda wa 36 ukatoa 72. Hiyo lau ningeipata enzi za Yashica ningewapiga hata wapishi. Mwaka 1977 Konica ikaweka madukani kamera inayojilenga yenyewe, na baada yake zikafuata zile za plastiki nyeusi ambazo ndugu zetu wa Maskati na Jeddah walikuja nazo kila likizo. Zote hizo zilipunguza uzito begani. Kijana wa mashine zilimwacha pale pale alipo.

Waliomwondoa ni watu ambao hawakuwa na habari ya kupamba. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara za Bell huko Marekani, walibuni kipande cha silikoni kinachougeuza mwanga kuwa chaji ya umeme inayoweza kusomwa, wakakiita CCD. Tuzo ya Nobel walipewa mwaka 2009, wamekwisha kuwa wazee. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, alikitumia kipande cha aina hiyo kuunda kamera ya dijitali, dude la kilo tatu na nusu hivi lililochukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Kwa upande wangu tarehe iliyo kubwa kuliko hizo ni 1995, ilipotoka Casio QV-10. Picha zake zilikuwa mbovu, pikseli 320 kwa 240, hata pasipoti hazifai. Lakini mgongoni ilikuwa na kioo, na picha ukishaipiga unaiona pale pale. Mwaka 2000 Canon wakatoa Digital IXUS ya kwanza, megapikseli 2, uso wake unakaribiana na kadi ya benki, lenzi inajificha ndani ukiizima.

Ya kwangu ilikuwa mojawapo ya ukoo huo wa IXUS, iliyotoka Dubai ndani ya sanduku la binamu yangu, imezungushiwa madera ili isigongwe. Nilipokwenda nayo kwenye kupamba mara ya kwanza, mama wa bi harusi aliniangalia kisha akaangalia nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu anaileta kamera yenyewe. “Ndiyo hii?” akaniuliza. Nikamwambia ndiyo hii. “Na pesa yangu ni ile ile?” Wenye shughuli huipima kazi kwa ukubwa wa chombo, na kwa muda mrefu nililazimika kuivaa Yashica shingoni, tupu, haina mkanda, ili watu waridhike.

Kilichowageuza ni kile kioo. Enzi za mkanda, mpiga picha akibonyeza, neno limekwisha. Wewe uliyepigwa utajiona wiki ijayo, na ukijiona umefumba macho, pole. Sasa nikibonyeza nasikia “hebu nione,” na mikono kumi imeshaishika kamera. Somo akasema hiyo futa, kidevu kimekuwa viwili. Mkwe akasema hiyo weka. Msichana aliyevuliwa ushungi bila kutaka alinijia kando akaninong’oneza nimfutie yake, nikaifuta mbele ya macho yake, akaondoka salama. Hapo ndipo nilipojua kazi imebadilika. Hao wanawake wa kwenye kadi za posta za Coutinho hawakuulizwa. Wa kwa Parekh waliulizwa kabla, wakapangwa, wakakubali. Wa zama za IXUS waliamua baada ya kuiona, na amri ya kufuta ilikuwa yao. Wapiga picha wengi waliudhika na jambo hilo, wakasema wateja wamekuwa wajuaji. Mimi liliniondolea benchi. Picha nikizihamisha kwenye kompyuta yangu, nikazichapa kwa printa ndogo nyumbani mlango umefungwa, hakuna jicho la kiume lililopita kati.

Kwa ubora wa picha, nisiisifie visivyo. Kipande cha ndani kinachopokea mwanga kwenye kamera hizi kilikuwa na upana wa kiasi cha milimita sita, na picha ya mkanda wa kawaida ni milimita 36 kwa 24. Mahali penye giza ilitoa chengachenga. Taa yake iko jirani na lenzi, kwa hiyo macho yalitoka mekundu, bi harusi akawa kama aliyepagawa. Ukibonyeza, yenyewe inafikiri kwanza. Mtoto aliyekuwa akicheka ameshageuka, umepata kisogo. Lakini udogo wa kipande hicho una tabia moja ambayo wataalamu huilalamikia na mimi naishukuru: kila kitu hukaa wazi, cha mbele na cha nyuma. Kamera kubwa humtia mtu katikati na kuufifisha ulimwengu. Hii ndogo ilimchukua mtu na kalenda iliyo ukutani nyuma yake, mwezi wa tarehe ile, na thamosi ya chai, na kandambili mlangoni, na jina la duka lililoandikwa kwenye mfuko wa plastiki. Leo nikitazama picha za miaka ile, macho yangu hayaendi kwa mtu. Yanaenda kwenye kalenda.

Na kwa kuwa picha moja haikuwa tena na gharama, ndipo nilipoanza kupiga bila shughuli. Kamera imo mkobani hata hivyo. Nikapiga mabanzi yakipangwa alfajiri Kibokoni, nikapiga mkokoteni wa maji, nikapiga wanawake wawili wa Makadara wanaopatana bei ya muhogo na hakuna aliyetabasamu. Nikampiga mamangu akikaanga mahamri, leso ya kazini kifuani, unga kwenye nyusi. Alinigombeza vibaya. “Leo kuna harusi gani humu ndani?” Kwake yeye kumpiga mtu picha hajajitengeneza ni kumvunjia heshima, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu desturi ya miaka yote ilikuwa hiyo. Nikamwonyesha kioo. Aliitazama kwa muda, akasema mafuta yale yalikuwa yamepata moto kupita kiasi. Hakusema nifute.

Zama hizo hazikudumu. Chama cha watengenezaji kamera cha Japani kilihesabu zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali zilizopelekwa sokoni mwaka 2010, na tisa hivi katika kila kumi zilikuwa hizi ndogo zisizobadilishwa lenzi. Mwaka 2023 hizo ndogo hazikufika hata milioni 2. Simu ndiyo iliyozimeza. Kodak, ambao mhandisi wao ndiye aliyeitengeneza ile ya kaseti, walikimbilia mahakamani mwaka 2012 kuomba kinga ya muflisi. Maabara niliyokuwa nikikaa kwenye benchi lake ilifunga. Sasa pale wanauza vifuniko vya simu.

Msiba ninaouona mimi ni mwingine. Negativi zangu za mwaka 1988 zimo kwenye bati la biskuti na zinachapika hata kesho. Za mwaka 2006 nilizichoma kwenye sidii kwa bidii zote, na nyingi zimekataa kusomeka. Nyingine zimo kwenye kompyuta zilizouzwa kwa chuma chakavu. Kadi nazo kila kampuni ilikuwa na ya kwake: Sony na Memory Stick, Olympus na Fujifilm na ile xD, wengine SD, leo SD bado ipo, ukienda na xD dukani Digo Road wanakuangalia kama umekwenda kubadili rupia za Mjerumani. Familia nyingi za mji huu zina albamu hadi karibu mwaka 2003, kisha hazina kitu hadi simu zilipoanza kuhifadhi picha zenyewe kwenye intaneti. Katikati hapo kuna watoto waliozaliwa, wakaota meno, wakaenda chuoni, wakahitimu, na picha walipigwa nyingi kuliko babu zao wote kwa pamoja. Zi wapi? Waliokuja kwangu kuchapisha wanazo. Nilikuwa nikiwaambia chapisheni angalau kumi, wakadhani natafuta pesa. Nilikuwa natafuta pesa pia.

Simu ilipoingia ukumbini, ule mlango tulioufunga ulipasuka kabisa. Kijana wa mashine alikuwa mmoja na tulimjua jina. Simu zilikuwa mia, kwanza na bluutuuthi, kisha na WhatsApp, na picha ya kupamba ikawa imefika Toronto kabla bi harusi hajashuka kwenye kiti. Wenye shughuli wakajibu kwa njia waliyoijua. Wakaweka wanawake mlangoni, wapekuzi, wa kazi hiyo hiyo. Simu zinakusanywa, zinatiwa kwenye mfuko wenye namba, unapewa kikaratasi. Watu hulalamika, na hutoa.

Ndipo hivi karibuni mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaja kuniuliza kama ile IXUS bado ipo. Nilijua upepo unakovuma. Vijana wa dunia nzima wamezirudia kamera hizi kwa ajili ya ile taa kali na zile rangi, na wenye pesa wananunua mpya za ghali, Ricoh GR iliyotiwa kipande kikubwa tangu 2013, au Fujifilm X100 ambayo watu waliandikisha majina wakaisubiri miezi. Mimi naona bei ya hiyo ya mwisho ni wazimu, na nilimwambia. Yeye alikuwa na sababu yake. Rafiki yake anaolewa, simu haziingii, na mpiga picha aliyekodiwa ana kamera kubwa na wasaidizi wawili, anampiga bi harusi tu; nani atawapiga wao, mashoga waliokaa nyuma wakila sambusa?

Betri ya asili ya IXUS ilikuwa imefura. Tukapata ya Kichina inayoingia kwa kusukumwa, nikampa na kadi moja, nikamwonyesha pa kubonyeza. Mlangoni mpekuzi aliigeuza geuza, akauliza inatuma? Mpwa wangu akamjibu haitumi, haina intaneti, haina chochote. Yule mama hakuridhika, akamwita mwenye shughuli, na mwenye shughuli alipoambiwa kamera ni yangu akasema iingie, kwa sharti moja: kabla hajatoka atoe kadi ampe yeye, aziangalie zote usiku huo huo, amrudishie asubuhi zilizobaki. Zilirudi nyingi. Waliofutwa ni mashangazi watatu, na wenyewe ndio walioomba.